Nyumba Tuliyowaazima

Tangu watoke nyumbani Eloy hakuwa amenyamaza. Mkono mmoja ulishika usukani, wa pili ulikuwa wa kumhubiria dada yake.

"Neno moja tu, Eufelia. Mama akilisema, wewe limeze."

"Mama yupo hapo nyuma, anasikia."

"Si naongea Kiingereza? Ataambulia nini?"

"Naambulia kwamba unamsumbua mwenzio," Mama akasema kwa Kihispania kutoka kiti cha nyuma. "Na punguza mwendo, hujabeba mahindi."

Eufelia alitazama nje ya dirisha. Juu kule, nyuma ya uzio wa maabara ya serikali, mahali ambapo watu wote wa bondeni walipaita Mlimani, ilikuwapo bado nyumba ya magogo yenye vyumba viwili. Babu yake aliijenga. Wakati wa vita jeshi lilikuja likaichukua pamoja na mashamba ya jirani, na wanasayansi waliokuwa wakitengeneza bomu la atomiki wakaweka betri na nyaya zao mle ndani. Eloy, fundi bomba wa maabara, aliipita kila siku ya kazi. Alisema paa limelegea upande mmoja kama kofia ya mlevi.

Sasa Washington walikuwa wamepitisha sheria: ufanywe utafiti kuona kama majengo ya sayansi ya vita yanafaa kuwa hifadhi ya taifa. Jengo litakaloingia kwenye utafiti litaachwa. Litakalobaki nje litavunjwa kiangazi hiki, kwa kuwa maabara ilitaka nafasi. Na jengo lenye mgogoro wa umiliki halingeingia. Hilo afisa wa utafiti alilisema redioni, tena kwa upole.

Tatizo lilikuwa neno la Babu, ambalo lilidai nyumba bado ni yao. Siku aliposhuka kutoka Mlimani na mkokoteni wake, hakukubali kusema amefukuzwa. Alisema, "Tumewaazima. Vita vikiisha, watarudisha." Alikufa akisema hivyo. Nyumbani kwao hapakuwa na neno jingine. Aliyethubutu kusema "tulinyang'anywa" alikimbizwa na Mama kwa ufagio.

Ukumbi wa shule, ulikofanyika mkutano wa kusikiliza familia za Mlimani, ulikuwa umejaa wazee, kofia magotini. Afisa, kijana mwenye shingo iliyoungua na jua, aliwakaribisha kwa kahawa na biskuti. Eufelia alikuwa mkalimani wa Mama. Kazi hiyo alikuwa ameifanya tangu utotoni, hospitalini na benki, na hakuwahi kuogopa. Leo aliogopa.

Mama alisimama bila kushika kiti. Alieleza jinsi baba yake alivyochagua magogo ya msonobari, jinsi mama yake alivyokandika udongo kwenye nyufa kwa mikono mitupu, na jinsi wanajeshi walivyofika maharage yakiwa bado kwenye maganda. Eufelia alitafsiri yote, na sauti yake ikaanza kutulia. Kisha Mama akainua kidevu.

"Mwambie hatukufukuzwa. Nyumba tuliwaazima."

Eufelia alifungua kinywa. Kule nyuma Eloy alikuwa amesimama mlangoni, mikono imefumbatwa, akimkazia macho. Akilisema neno lile, nyumba itavunjwa. Asipolisema, atakuwa ameitoa mwenyewe, mbele ya mama yake, kwa lugha ambayo mama yake haielewi. Alitafuta neno la katikati. Halikuwapo.

"Anasema," Eufelia akaanza. "Anasema nyumba... tuliwapa."

Afisa aliacha kuandika. Macho yake yalilegea.

"Kwa ajili ya nchi?"

"Ndiyo."

"Mwambie mama, taifa zima linamshukuru."

Akaanza kupiga makofi. Wageni wa meza ya mbele wakafuata, wakasimama. Wazee wengi hawakuelewa kilichosemwa, lakini wakapiga pia, kwa adabu.

"Wanapiga makofi ya nini?" Mama akauliza.

"Wanashukuru, Mama."

"Haya, ni vizuri. Mtu akiazima, ashukuru." Akaikunja skafu yake taratibu. "Sasa muulize wataturudishia lini."

Eufelia alimgeukia afisa. "Mama anauliza ataiona lini."

"Oo! Tukipata kibali, tutawapandisha kwa basi. Majira ya kuchipua, nadhani."

"Kasemaje?"

"Majira ya kuchipua, Mama."

Mama alikaa. Aliangalia mikono yake, na Eufelia akaomba kimoyomoyo yaishie hapo, waende nyumbani, wale supu ya pilipili, wazungumze habari za hali ya hewa. Lakini Mama alimgeukia mzee Tranquilino, ambaye ukoo wake nao ulishushwa kutoka Mlimani, akamgonga goti.

"Umesikia? Majira ya kuchipua wanarudisha."

"Acha mzaha, Genoveva."

"Nikutanie mimi, na uzee huu? Muulize kijana mwenyewe. Mtu mwema kabisa, na amesema mbele ya watu wote. Sisi tulikuwa tunanung'unika jikoni bure, kumbe ni kuuliza tu."

Habari ilipita kiti kwa kiti. Bibi mmoja alianza kulia na kucheka kwa pamoja. Kule mlangoni Eloy alikuwa ameinamisha kichwa. Eufelia alitaka kusema, lakini kila sentensi aliyoianza kichwani ilimaliza ama nyumba, ama mama yake.

Mzee Tranquilino alikuwa wa kwanza kuja. Nyuma yake wengine walikuwa wanasukuma viti, wanasimama, wanapanga foleni. Alishika kofia kifuani mbele ya Eufelia, akamwonyesha afisa kwa kidevu.

"Tuulizie na sisi, binti yangu."