Mkonge Uliokalia Msala Wangu

Usiku wa jana niliota mkonge wangu umekaa juu ya msala wangu, umeelekea kibla, na mimi nimechelewa kuswali adhuhuri.

"Sogea," nikauambia.

"Siwezi kusimama, mama," ukajibu. "Miguu imelowa."

Uliongea bila kufungua kinywa. Sikushangaa. Mwalimu Kaoneka alitufundisha kwenye darasa la jioni kwamba mkonge hufunga vinywa vya majani yake mchana ili usipoteze maji, na huvifungua usiku. Jua lilikuwa utosini. Niliona tu kwamba una adabu.

Huu si mkonge wa mashamba ya Korogwe, ule wa kutengenezea kamba. Huu ni mfupi, umejikunja kama kabichi kubwa la rangi ya majivu, una meno meusi kando ya majani na mwiba nchani. Asili yake ni majangwa ya milimani, huko kunakoanguka theluji, ndiyo maana mwalimu aliona utaiweza baridi yetu ya Lushoto. Mmea mama ulizaa machipukizi mawili. Moja mwalimu alinipa mimi, la pili akampa wifi yangu Hidaya, dada wa mume wangu, ambaye tunakaa ua mmoja na kusoma dawati moja. Utakaostawi zaidi utapandwa mbele ya darasa, na kibao chenye jina la mwenyewe. Mwalimu anakuja kuikagua leo.

Wa Hidaya umenenepa. Wangu umekuwa njano. Na Hidaya wala haugusi! Mimi kila nikitawadha, maji yanayobaki kwenye kopo naumiminia, alfajiri mpaka isha, pamoja na dua. Yeye ya kwake humwaga migombani. Nimekuwa nikimuuliza Mola, kwa unyenyekevu, kama anayaona makopo yangu.

Basi katika ndoto nikavua kanga ya mabegani, nikapiga magoti, nikaanza kuufuta mkonge miguu. Mizizi ilikuwa laini, inanuka kama ndizi iliyosahaulika kabatini.

"Pacha wangu hafutwi," mkonge ulisema. "Pacha wangu ana kiu. Ana bahati huyo."

"Hata wewe unamwonea wivu mwenzako?"

"Ndivyo ninavyolelewa, mama."

Nikafuta mzizi wa mwisho, na msala ukawa sakafu ya darasa.

Mbele amesimama Sakitu, ile barafu nyembamba inayokaa juu ya majani asubuhi za Julai. Amevaa kanzu nyeupe na anaita majina.

"Hidaya Shekilindi."

"Nipo. Mkavu."

"Kaa. Saumu binti Mbaruku."

"Nipo," nasema. Mikono ya gauni langu inachuruzika maji ya udhu. Chini ya dawati langu pana dimbwi, na chura mmoja ndani yake ananakili kutoka ubaoni.

Sakitu anapita kati ya madawati. Anamgusa Hidaya shavuni. Hapatokei kitu. Ananigusa mimi mkono wa gauni, nao unakuwa mgumu kama bati, kisha unapasuka.

"Mwalimu, mbona yeye humuumizi?"

"Hana cha kugandishwa," anajibu. "Mimi kazi yangu ni maji. Yakiganda ndani ya jani yanalipasua. Mkavu simuwezi."

"Lakini maji yangu yana dua."

Sakitu anafikiri. Ni mwalimu mwenye haki. "Dua imepanda juu," anasema. "Maji yamebaki kwenye mizizi."

Hidaya ananiinamia sikioni. "Wifi, si nilikwambia umwage migombani?"

"Ulisema hivyo kwa sababu unazionea wivu swala zangu."

"Nizionee wivu! Na mimi ndiye ninayesimama kando yako, kila rakaa unanikanyaga kidole?"

Sakitu akatuambia tutoke tukagombane nje. Tulipofungua mlango, nje hapakuwa Lushoto. Palikuwa mteremko wa changarawe mpaka macho yanapochoka, na hata mvua iliyokuwa inanyesha haikukaa mahali. Ilipita kati ya mawe na kwenda zake. Juu ya mteremko alikaa Bibi wa mikonge, mpana kama paa la kibanda. Kila alipovuta pumzi, majani yake yalitoa sauti ya mlango wa zamani.

"Karibuni, wajukuu," alisema. "Mmekuja kuchanua? Nafasi ni moja."

"Mimi," nikasema.

"Huulizi masharti?"

"Hidaya asinitangulie. Sharti langu ni hilo."

"Haya."

Utosi ukaanza kuniwasha. Mlingoti wa maua ukachomoza, mnene kama mguu wa meza, ukapanda. Unapita paa la darasa, ambalo limetufuata. Unapita mnara wa simu. Huko juu matawi yanafunguka, maua ya njano yanatoka, na nyuki wanafika kutoka Soni wakilalamikia nauli. Kibao kinaning'inia kwenye maua, na jina langu limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko nilivyothubutu kuomba.

Nilimtazama Hidaya kuona kama analia. Halii. Anapiga vigelegele.

"Punguza furaha kidogo," nilimwambia. "Kibao si chako."

"Sasa nifanyeje, wifi? Umependeza."

Hilo liliniudhi kuliko kama angenitukana. Nikainua kidole nimkanye, na nikaona kidole kimekunjamana na kukauka. Cha pili nacho. Meno meusi yalikuwa yameota kando ya mikono yangu, nayo yanaanza kulegea.

"Bibi, mbona ninanyauka?"

"Mkonge huchanua mara moja maishani, mjukuu wangu, kisha hufa. Hamkufundishwa?"

"Tulifundishwa. Siku hiyo nilikuwa namchungulia Hidaya, nione kama amepata vema nyingi kunizidi."

Nikaomba. Sikuomba kibao. Niliomba nisife, na mkonge wangu mgonjwa usife, kwa sababu nimeulea vibaya na haukukosa lolote. Ilikuwa dua yangu ya kwanza tangu Mfungo Tatu isiyomtaja Hidaya.

Bibi alinisubiri nimalize. Kisha akanigeuzia jani lake moja. Mgongoni mwake palikuwa na safu ya alama za meno, zimechorwa vizuri, na hapakuwa na meno.

"Mlingoti haurudi chini," alisema, "ila mtu akibanwa na mwenzake akarudi kuwa mchanga kama chipukizi. Jani changa hukaa kifuani mwa mmea limebanana na jirani yake. Likifunguka, linatoka na alama ya meno ya jirani. Haifutiki hiyo. Ninyi mlibanana wapi?"

Nimeishi na Hidaya ua mmoja nikipima kuku wake na wangu.

"Kwenye safu," alisema Hidaya. "Bega kwa bega. Kila siku, Bibi. Ndiyo hivyo vidole vyangu ninavyovisema."

Akapanda changarawe, akasimama kando yangu. Naye mikono yake ilikuwa imeota meno. Akanibana kwa nguvu, kama siku ya Idi msikiti unapojaa na wanaochelewa bado wanaingia. Meno yake yakazama kwenye mkono wangu, yangu yakazama kwenye wake. Mlingoti ukarudi kichwani kama pembe ya konokono iliyoguswa.

"Wifi, unabana!"

"Wewe ndiye unayebana!"

Nikazinduka. Muadhini alikuwa anamaliza.

Nilitawadha. Nilipofika mkono wa kushoto, nikasita kidogo, kisha nikaendelea mpaka kwenye kiwiko. Kopo likabaki na maji. Nikapita mkonge wangu bila kuutazama, nikaenda migombani, na huko nikamkuta Hidaya na kopo lake.

"Leo umepotea njia, wifi?"

"Nimeleta maji kwa wanaoyataka."

Akamwaga yake. Kisha akasema, "Uung'oe leo, kabla mwalimu hajafika. Mizizi iliyooza ikate, uulaze kivulini ukauke, halafu uupande kwenye changarawe. Utapona. Kibao nitapewa mimi, lakini utapona."

"Utanisaidia kuchekecha changarawe?"

"Tukishaswali."

Alinyoosha mkono kupokea kopo langu. Mikono ya gauni lake bado ilikuwa imekunjwa kwa udhu, na chini ya kiwiko niliona safu ya alama ndogo, zimepangana kama meno ya msumeno. Na yeye alikuwa anautazama mkono wangu wa kushoto. Hapakuwa na haja ya kuuficha. Tuliiweka mikono yetu sambamba kwenye mwanga wa alfajiri, tukaitazama, na hakuna aliyemuuliza mwenzake ameota nini.

Za kwake zilikuwa zimetokea vizuri kuliko zangu.