Kabati la Mvule

Ayot alikuwa ameolewa na Sajenti Okullo wa polisi miaka minane, na kwa miaka yote hiyo minane hakuwa na jiko lake. Sisemi kwamba hakuwa akipika. Alipika asubuhi, akapika mchana, akapika jioni, mpaka mikono ikawa inanuka vitunguu hata Jumapili kanisani. Lakini moto ulikuwa wa mama mkwe. Kwa watu wa ukoo wa Okullo, kule Kitgum, mke hupika kwenye moto wa mkwewe hadi siku mkwe mwenyewe atakapomwashia moto wake wa kwanza mbele ya wazee. Akishawashiwa, ana jiko, na hata mkwe hafunui sufuria yake bila kuomba. Kabla ya hapo, wageni wakila wakashiba, humshukuru mama mkwe. Ayot alimenya, akatwanga, akasonga. Alal, mama yake Okullo, akashukuriwa. Jambo hilo lilimkwama Ayot kooni kama mwiba wa samaki.

Alal hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa na sababu yake na hakuificha. Miaka ya kwanza waliishi chumba kimoja kambini, kisicho na jiko kabisa. Mwaka 1973 Okullo alipewa fleti Bukoto, mjini Kampala, moja ya zile zilizoachwa na Wahindi walipofukuzwa nchini, na kabla hajakabidhiwa ufunguo, wajanja walikuwa wamekwisha kung'oa makabati yote ya jikoni. Palibaki sinki inayoning'inia na matundu ya skrubu ukutani. Sufuria zilikaa juu ya kreti za soda, unga ukakaa sakafuni ukipigania maisha yake na panya.

"Siwashi moto wa mke wa mwanangu juu ya kreti," Alal alisema. "Wazee watanicheka. Nitengenezeeni jiko, nami nitawasha."

Basi mwezi Julai mwaka 1974 ikaja barua kwamba wazee wa ukoo, wakiongozwa na Mzee Odoch, kaka yake marehemu baba yake Okullo, wangefika Kampala Jumapili ya kwanza ya Agosti na kurudi kesho yake. Ayot aliisoma mara mbili. Wazee waliishi mbali, barabara zilijaa vizuizi vya askari, na katika miaka ile nani alikuwa na uhakika wa mwaka ujao? Ilikuwa Jumapili hiyo au angoje mpaka Mungu apende.

"Kabati tutanunua kwa Kapteni," Okullo alisema papo hapo.

Kapteni huyo wa jeshi alikuwa amegawiwa duka kubwa mjini, nalo la waliofukuzwa, pamoja na shehena yake ya makabati ya fomaika yaliyofungwa kwenye maboksi. Okullo hakuyapenda makabati kiasi hicho. Alipenda kulala salama. Mtu aliyemnunia kapteni siku zile angeweza kujikuta ndani ya buti la gari, na sare ya polisi isimsaidie kitu.

Ayot hakubisha. Alikuwa fundi cherehani, tena wa kusifiwa Bukoto nzima kwa mabusuti, yale magauni ya Kiganda, na sare za shule, na fundi hanunui kitambaa bila kukigusa. Alitandaza karatasi ya kaki jikoni, akaibana vizuri kwenye kona, toka ukuta hadi ukuta, akachora kwa chaki kila ukuta ulipojipinda. Na ulijipinda kweli. Ule wa kushoto ulikuwa na tumbo kama mlevi. Kisha akaikunja karatasi yake, akaenda mjini.

Dukani alimkuta Dawudi, binamu yake Kapteni, amekaa juu ya boksi.

"Nnyabo, mama, sasa hiyo karatasi ya nini?" Dawudi aliuliza. "Hii kitu imetoka Ulaya. Huko wamepima tayari."

"Wameupima ukuta wangu?"

"Ukuta yote ni sawa."

"Wangu una tumbo. Kabati likikataa kuingia je?"

Dawudi alifikiri. "Kale, basi utabomoa ukuta kidogo."

Ayot alifungua boksi moja. Ubao ulikuwa unga wa mbao ulioshindiliwa na kubandikwa fomaika nyeupe juu, na pembe moja ilikuwa imevimba kwa unyevu. Aliichokonoa kwa ukucha, ikamwagika. Milango ilikuwa minne, bawaba tatu. Kapteni alikuwa amegawiwa duka, ila maarifa ya duka yalikuwa yameondoka na mwenyewe. Ayot alimuaga Dawudi kwa heshima zote, kwa sababu hakuwa mjinga.

Kesho yake akashuka Namuwongo, karibu na reli, kwa seremala mmoja Mkenya aitwaye Ochola. Bei yake haikupishana sana na ya Kapteni. Karakana yake ilikuwa mabati manne na vumbi la mbao, lakini yeye alikuwa mtu wa kwanza kuitandaza ile karatasi ya kaki na kuitazama kwa adabu.

"Huu ukuta umelewa," alisema.

Hapo Ayot akajua amefika.

Ochola aligonga ubao wa mvule kwa vifundo vya vidole, ukalia vizuri. "Hii mbao imekauka miaka tatu, mama. Hii ukikosea, unakata tena. Ile ya fomaika ukikosea, unalia tu. Nitakukatia kila kipande, nitoboe mashimo ya skrubu, niandike namba. Lakini kule kwa fleti za polisi siendi."

"Kwa nini?"

"Rafiki yangu alienda huko kutengeneza mlango tu. Akaulizwa kitambulisho mpaka akasahau jina ya baba yake."

"Sasa nani atalifunga?"

"Cherehani yako ikiharibika nani hufungua?"

"Mimi."

"Basi hata hii ni wewe."

Ayot aliondoka amenyoosha kiwiliwili kama aliyeambiwa ana mabawa. Alikuwa amefika njiani Ochola alipomwita. Karatasi ilikuwa na mistari miwili, mmoja ndani ya mwingine, imepishana nusu inchi. Akate upi?

"Wa nje!" Ayot alijibu bila hata kugeuka sawasawa. "Mtu hukata wa nje siku zote."

Ochola alikuna kichwa. Lakini nani anabishana na mke wa sajenti? Akakata wa nje.

Nyumbani moto uliwaka, na si ule wa jikoni.

"Umemwacha Kapteni, ukaenda kwa Mkenya wa relini?" Okullo alifoka. "Wewe unataka nipotee?"

"Baba Concy," Ayot alisema, akimtaja kwa jina la mtoto wao, "Jumapili moto unawashwa kwangu au kwa Kapteni?"

Okullo akaenda kung'arisha viatu ambavyo tayari vilikuwa vinang'aa. Na kusema kweli, Kapteni hakuuliza lolote. Hakujua hata ana maboksi mangapi.

Mbao zilifika Jumamosi asubuhi kwa mkokoteni, kila moja na namba yake. Ayot alivua viatu, akajifunga leso kiunoni, akaanza. Alisimamisha ubavu wa kulia, akasimamisha wa kushoto. Akachukua ubao mrefu wa juu, ule mzuri kupita zote, akauteremsha mahali pake. Haukuteremka. Akausukuma. Akaugonga kwa kiganja, kisha kwa ngumi. Ubao ulikaa juu ya kuta mbili kama bibi harusi aliyegoma kuingia. Akajaribu wa rafu, akajaribu wa chini. Zote zilizidi inchi moja kamili.

Okullo alisimama mlangoni na kikombe cha chai. Hakucheka, na hilo lilimuuma Ayot kuliko kicheko. Alal alikuja nyuma yake, akatazama mbao, akatazama kreti za soda.

"Si neno, mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya huruma kweli. "Wazee watakuja tena, wakijaliwa."

Ayot alikaa sakafuni. Alitamani kulia, tena kwa sauti, na angelia kama jicho lisingeangukia ile karatasi ya kaki. Mistari miwili. Nusu inchi kila upande, kushoto na kulia. Nusu inchi ya mshono! Miaka kumi na miwili mkono wake ulikuwa ukiacha nusu inchi ya mshono kwenye kila kitambaa, na mkono haukuambiwa kwamba mvule haushonwi. Alikuwa amelikatia jiko kama gauni.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka Okullo akaweka kikombe chini akidhani ameshikwa na kitu.

"Baba Concy, nguo kubwa hupunguzwa," alisema akifuta machozi. "Ndogo ndiyo haina dawa. Nenda Namuwongo, kaniazimie msumeno na randa."

"Mimi? Kwa yule Mkenya?"

"Nikienda mimi, nani atachora?"

Okullo alikwenda kama alivyokuwa, na sare yake. Baadaye alisimulia kwamba Ochola alipomwona polisi akija alitimua mbio, mguu mmoja umeshavuka reli, ikabidi ampigie kelele, "Randa! Nataka randa tu, ndugu yangu!" Alipewa randa, msumeno, na kipande cha mshumaa cha kupaka msumeno, bila hata kuulizwa atavirudisha lini.

Ayot alikuwa ameshatandaza karatasi juu ya ubao na kunakili mstari wa ndani kwa chaki yake ya cherehani, pamoja na tumbo lote la ule ukuta wa kushoto. Okullo alikanyaga ubao usitikisike, Ayot akakata. Fomaika ingepasuka kama biskuti. Mvule ulikatika taratibu, ukitoa vumbi la dhahabu, na alipopitisha randa ukajikunja nyuzi ndefu zilizojaa sakafu nzima. Jasho lilimtiririka. Mkono ulimuuma toka bega hadi kidole, naye hakutaka uache kuuma.

Jua lilikuwa bado juu walipoubeba ubao wa juu pamoja. Waliuteremsha. Ulishuka kwa mlio laini, ukalala, ukajibana kwenye ule ukuta mlevi mpaka Okullo alipojaribu kupenyeza wembe katikati, wembe ukakosa njia.

"Aisee!" Okullo alisema. Akasema tena. Kisha akachukua bisibisi bila kuambiwa, akaanza kufunga bawaba, na kila baada ya skrubu moja alikuwa akimtazama mkewe kama mtu aliyegundua anakaa nyumba moja na afisa mkubwa.

Jumapili wazee walifika, wanne, wamechoka na vumbi la safari. Mzee Odoch alipiga ule ubao kwa kiganja, akainama kuchungulia kona, akauliza fundi ni nani. Okullo alimwonyesha mkewe. Mzee aliusugua ubao tena kwa kidole gumba. Kisha akamwambia Alal, "Unangoja nini?"

Alal alipiga magoti mbele ya jiko jipya la makaa lililokaa kando ya kabati. Alipanga makaa, akawasha njiti, akapuliza mpaka yakawa mekundu. Alisema maneno machache ya kikwao ya baraka, akasimama, akajifuta mikono, akatoka. Ayot alibaki peke yake na moto wake. Akaweka sufuria ya kwanza.

Alipika malakwang, mboga chungu ya kwao, kwa siagi nene ya karanga. Harufu ilipofika sebuleni mazungumzo yalipungua. Akasikia nyayo. Zilikuwa za Alal, anazijua, nyayo za mwanamke ambaye kwa miaka minane alikuwa akiingia, akifunua kifuniko, akionja, akiongeza chumvi.

Mara hii nyayo zilisimama kizingitini.

"Mke wa mwanangu," Alal alisema, mikono ameifunga nyuma kama mgeni. "Nina njaa. Kwako leo kumepikwa nini?"

Ayot aligeuka na mwiko mkononi. Alikuwa amelingoja neno hilo moja miaka minane.

"Malakwang, mama," alisema. "Karibu kwangu."