Punda wa Tatu

Kwenye ghala lile lililogeuzwa studio, hakuna aliyemwita mwongozaji kwa jina lake. Aliitwa Mama Kata, alijua anaitwa hivyo, na moyoni lilimpendeza. Kamera ikitikisika kidogo, "Kata!" Mwigizaji akivuta pumzi pasipotakiwa, "Kata!" Fundi sauti aliapa kwamba mama yule angekata hata hotuba ya harusi yake mwenyewe.

Safari hii alikuwa anaitengeneza upya filamu ya vita iliyopendwa kuliko zote, ile ambayo watu wazima wanayajua maneno yake kwa kichwa. Inahusu wapagazi wa jeshi, watu waliobeba risasi na mahema ya wenzao mpaka migongo ikachubuka. Ndani yake kuna tukio ambalo kila mtu analikumbuka. Ni asubuhi kambini, na afisa anapita mbele ya mstari akihesabu kwa kidole: "Punda wa kwanza! Punda wa pili!" Kila mpagazi anaitika, "Naam, bwana." Akifika kwa wa tatu kinapita kimya kifupi kabla ya jibu, na hapo ndipo kumbi za sinema zilipokuwa zikiangua kicheko.

Yule wa tatu alikuwa baba yake Mama Kata.

Mtaani walishaamua kwamba kijana alisahau maneno. Maneno yenyewe mawili! Na kana kwamba hiyo haikutosha, aliyeandika majina ya waigizaji mwishoni mwa filamu aliunganisha pasipounganishwa, ikasomeka "Punda Watatu". Basi mzee wa watu akaigiza mmoja, akaandikwa watatu, na jina likamganda kama gundi. Shuleni binti yake aliulizwa, "Baba yako peke yake ni punda watatu, wewe ni wa ngapi?" Aliwachapa makonzi wawili kati yao, na adhabu akala yeye.

Kwa hiyo hii haikuwa kazi tu. Alitaka baba yake, kabla macho yake hayajafifia kabisa, akae ukumbini alione tukio lile, na asisikie mtu akicheka.

Tatizo lilikuwa lile neno. Wafadhili hawakulitaka. Walimtuma dada mmoja mstaarabu, mwenye sauti ya chini na miwani mikubwa, alete ujumbe.

"Tuweke 'wasaidizi'," alisema dada wa wafadhili. "Msaidizi wa kwanza, msaidizi wa pili. Maana inabaki, tusi linaondoka."

"Maana ndiyo inayoondoka, dada yangu. Msaidizi jioni anaaga, anakwenda kwake."

"Sawa. Na watu wakicheka tena, kama walivyocheka zamani?"

Wakakubaliana hivi: tukio lirekodiwe na neno lake, dada aje aone kwa macho yake. Mtu yeyote akicheka, piga ua, wasaidizi wanaingia.

Nyumbani alimweleza baba yake. Mzee alikuwa anamenya chungwa, akaendelea kulimenya mpaka ganda likatoka zima.

"Mkimsafisha mdomo yule afisa, mtakuwa mmemwosha yeye," alisema. "Sisi tutabaki na vumbi letu. Siku hiyo nami nakuja."

"Baba, utachoka bure."

"Nilibeba masanduku siku nzima juani sikuchoka, leo nichoke kwa kukaa kwenye kiti?"

Akaja kweli, amevaa koti lake la heshima, fimbo mkononi. Wakamweka nyuma ya kamera, pembeni ya dada wa wafadhili. Mbele yao mchanga ulikuwa umemwagwa sakafuni, mahema yamesimamishwa, wapagazi wamepangwa na masanduku miguuni. Wa tatu alikuwa kijana mmoja waliyemwita Mrefu.

Aliyeharibu siku alikuwa afisa. Mwigizaji huyu, waliyembatiza Sharubu kwa ajili ya zile za bandia alizobandikwa, hakuwa na ubaya hata wa kumkemea paka. Mara ya kwanza alilitamka lile neno kama anaomba chumvi kwa jirani. "Kata!" Mara ya pili akafoka mpaka sharubu moja ikabanduka. "Kata!" Na kila kamera ikisimama, alikimbilia wapagazi kuwashika mikono: "Samahani, ndugu zangu. Samahani sana."

Mwishowe akavua kofia.

"Mama, mimi nimeshindwa. Mzee mwenyewe amekaa pale. Nitalitamkaje mbele ya macho yake?"

Mama Kata alifungua mdomo ampe vidonge vyake, lakini mzee akamtangulia.

"Njoo hapa, kijana. Niite."

"Shikamoo kwanza, mzee."

"Marahaba. Sasa niite."

Sharubu akafumba macho, akauma meno, akasema, "Punda wa tatu!"

"Hapana. Wewe umekasirika," mzee alisema. "Baba yangu, babu yake huyu mama, alibeba kwenye vita vyenyewe, sio vya filamu, na alinieleza. Yule afisa hakuwa na hasira nao hata chembe. Mtu humkasirikia mtu mwenzake. Liseme kama unavyosema 'funga mlango'."

Sharubu alisimama akifikiri, kisha akavaa kofia yake na kurudi mchangani polepole. Studio ikatulia. Mama Kata akatoa ruhusa, kamera ikaanza.

"Punda wa kwanza," alisema Sharubu. Hakupaza sauti. Alikuwa anatazama kucha zake.

"Naam, bwana."

"Punda wa pili."

"Naam, bwana."

Dada wa wafadhili alijikunja kwenye kiti. Hakuna aliyecheka. Neno lilikuwa limelala pale katikati yao, baya kama lilivyokuwa siku zote, na kila mtu aliliona.

"Punda wa tatu."

Mrefu alikaa kimya kidogo, kama alivyofundishwa, maana kile kimya kilikuwa sehemu ya filamu. Na ndani ya kile kimya ikatoka sauti nyuma ya kamera.

"Mtu wa tatu."

Mzee alikuwa amesimama. Fimbo ilikuwa imelala chini, na yeye amenyooka kama walivyonyooka wale wa mstarini.

Fundi sauti alimgeukia Mama Kata. Wote walimgeukia kwa macho, wakisubiri lile neno lake moja. Na lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Sauti ngeni imeingia, tukio limeharibika, mwongozaji yeyote angekata. Akalimeza.

Mrefu akaelewa. Akainua uso, akamtazama afisa.

"Mtu wa tatu," alisema.

Sharubu, na hapa apewe sifa yake, hakupepesa jicho. Akapita kama asiyesikia lolote. "Punda wa nne."

"Mtu wa nne."

"Punda wa tano."

"Mtu wa tano!"

Ikaenda hivyo mpaka mwisho wa mstari, kwa jamaa ambaye kazi yake ilikuwa kusimama tu na hakupewa hata neno moja la kusema. Naye akasema lake, kwa sauti iliyotikisa mabati. Mama Kata alimtazama baba yake amesimama bila fimbo, na fahari ikamjaa. Alilia waziwazi, mbele ya mafundi aliowatisha miaka yote.

"Ile sauti ya nyuma niifute?" fundi sauti alinong'ona baadaye.

"Ukiifuta, nakufuta kazi."

Dada wa wafadhili alivua miwani yake mikubwa akaifuta kwa kanga, mara mbili. "Neno libaki," alisema. "Na mwishoni, mzee, jina la nafasi yako tuandikeje?"

"Andika 'Mtu'. Weka nafasi. Andika 'wa'. Weka nafasi. Andika 'tatu'. Msiniunganishe tena!"

Hapo ndipo watu walipocheka, na mzee akiwa wa kwanza.

Jioni Mama Kata alimshika mkono kumpeleka kwenye gari.

"Baba, yale maneno uliyatunga saa ngapi?"

"Sikuyatunga leo. Ndivyo nilivyoitika tulipokuwa tunaigiza ile ya zamani. Mara ya kwanza kabisa."

"Mbona kwenye filamu hayamo?"

"Walikata. Wakaniambia niseme 'Naam, bwana' kama wenzangu. Nikasema, lakini kwanza nikanyamaza kidogo."

Mama Kata alisimama. Kile kimya kilichochekwa na kumbi nzima, kilichomfanya achape watoto wa watu makonzi, baba yake alikuwa amekibeba peke yake umri wote huu.

"Mimi sikukata, baba."

"Nimeona," alisema mzee. "Nilikuwa nimesimama pale naisubiri sauti yako, mwanangu. Haikuja."