Maji ya Kijani ya Dada

Kwa miaka thelathini Bwana Deki alisafisha vyumba vya upasuaji, na siku aliyostaafu daktari mkuu alisimama mbele ya watu akasema kwamba juu ya sakafu ya bwana yule mtu angeweza kulia chakula bila sahani. Sifa hiyo ilimpanda kichwani, na haikushuka tena. Ndiyo maana dada yake mkubwa alipovunjika nyonga akalazwa, akamwachia bwawa lake la vifaranga vya samaki, kitu cha kwanza alichofanya ndugu yetu kilikuwa kukunja pua.

Bwawa lilikuwa la saruji, nyuma ya nyumba. Maji yake yalikuwa ya kijani, kuta zina utelezi, chini kumejaa tope, konokono na minyoo. Humo mlikuwa na vifaranga elfu tatu vya perege, visivyozidi punje ya mchele kwa ukubwa. Dada alikuwa ameteua wazazi wao kwa miaka sita, kizazi hadi kizazi, akibakiza wale tu waliokua upesi na wasiougua ovyo. Hakujaliwa mtoto wa kuzaa. Hao ndio aliowaita wanangu, na wala hakuwa anatania.

Maagizo yake yalikuwa mafupi: kijiko kimoja cha pumba laini asubuhi, kimoja jioni, "na mengine usiguse, mdogo wangu."

Lakini macho hayana pazia. Bwana Deki alilitazama bwawa siku mbili, ya tatu akashindwa kuvumilia. Dada atoke hospitali aje akute uchafu ule? Akavihamishia vifaranga kwenye mapipa, akafungulia maji yote yakaishia bustanini, akaingia bwawani na brashi, akapiga magoti. Alisugua kutwa nzima. Konokono na minyoo akawazoa kwa koleo. Akajaza maji ya kisima, masafi kiasi kwamba ungeona sindano chini, akarudisha vifaranga, akasimama mikono kiunoni kujipongeza.

Siku ya tatu baada ya hapo aliokota wafu kumi na wanane. Ya nne, sitini na wawili. Waliobaki walikuwa vichwa vitupu, matumbo yameingia ndani, wakizunguka kuta na kugongagonga saruji kwa midomo, wakitafuta kitu ambacho hakipo. Aliwaongezea pumba, nyingi ikazama, ikachacha, na kesho yake wafu wakazidi.

Jioni dada akapiga simu kutoka wodini.

"Wanangu hawajambo?"

"Hawajambo, dada," akajibu.

Asubuhi akaokota wafu wengine. Shetani alimnong'oneza anunue vifaranga vingine amwage humo, nani angejua? Perege ni perege. Lakini yeye angejua, na miaka sita ya dada isingenunulika popote. Waliosema mficha uchi hazai hawakukosea. Akapiga simu.

"Dada, nimeosha bwawa."

"Umeosha kivipi?"

"Lote. Kwa brashi."

"Maji nayo ukamwaga?"

"Nikamwaga. Na jana nilikudanganya. Wanakufa, dada."

Akasikia magurudumu ya kitoroli cha dawa yakipita huko wodini.

"Mungu wangu," dada akasema. "Umemwaga chungu na chakula kikiwa motoni."

Bwana Deki akaanza kulia, mzee mzima.

"Utalia baadaye, sasa nisikilize! Ule ukijani ni mimea, midogo hata jicho haliioni. Inajipikia kwa jua na mbolea. Kuna vidudu vinaila hiyo mimea, na wanangu wanakula vyote viwili. Pumba ni kitafunio tu. Nenda kwa Mama Kuku, bwawa lake la bata ni kijani kibichi. Chota ndoo kumi. Umwombe na samadi, uifunge kwenye gunia, uining'inize majini. Kila siku tumbukiza mkono. Maji yakifika kwenye kiwiko na vidole vyako huvioni, chakula kimeiva."

Mama Kuku, jirani mfuga kuku, alicheka mpaka akashika ua asianguke. "Leo Bwana Deki anaomba mavi!" Lakini alimjazia gunia, na ndoo akasaidia kubeba.

Siku ya kwanza Bwana Deki aliziona kucha zake zote tano. Akaokota wafu. Ya tatu maji yalianza kupata rangi, kwa mbali sana. Ya tano alichota glasi, akachukua kioo cha kukuzia cha dada, akatazama, na hapo akasahau hata kukaa. Mlikuwa na kidudu kinarukaruka, mwili wake unaangaza kama glasi yenyewe, na ndani ya utumbo wake kuna mstari wa kijani. Kimekula! Akakirudisha bwawani taratibu, na kifaranga kimoja kikaja mbio kikakimeza. Basi jua limeingia kwenye mmea, mmea umeingia kwenye kidudu, kidudu kimeingia kwa samaki, na hakuna aliyeamrishwa.

Kisha akawakumbuka konokono na minyoo aliowazoa. Wale ndio waliokuwa wakila mabaki na mizoga kule chini, na kinyesi chao kikawa mbolea ya ule ukijani. Kumbe alikuwa amewafukuza kazi wasafishaji wenzake, tena hodari kumzidi, wasiotaka hata ndoo. Akaenda kwa Mama Kuku kuomba wengine. Siku hiyo alimstahi dada yake kupita daktari yeyote aliyewahi kumfungulia mlango.

Wiki ya tatu dada akarudi kwa magongo. Akaketishwa ukingoni, akatumbukiza mkono mpaka kiwiko. Vidole vyake havikuonekana.

"Wamebaki elfu moja na mia mbili," Bwana Deki akasema akitazama chini. "Nimewahesabu mara mbili."

Kabla hajajibiwa, ndege wa buluu mwenye mdomo mrefu, mdiria, alishuka kama jiwe, akapasua maji, akapanda na kifaranga mdomoni. Bwana Deki akaruka na fagio. "Mwizi! Mwizi wee!"

"Kaa chini," dada akasema. "Ulipoosha, huyu alikuja?"

Akafikiri. "Hakuja hata siku moja."

"Hawezi kuja penye njaa. Huyu anafuata walionenepa."

Wakamtazama mdiria juu ya waya akimeza, akitikisa mkia.

"Elfu moja mia moja tisini na tisa," Bwana Deki akasema kwa unyonge.

Dada akaweka mkono wake uliolowa juu ya bega lake, akauacha hapo.

"Wanatosha kuanzia," akasema. "Kesho nitakufundisha kuteua wazazi."