Kaidi na Wenzake

Kituoni walimwita Bibi Mizizi, na hakuwahi kulikataa jina hilo. Watafiti wenzake walijivunia maua na maganda, vitu vinavyopendeza kwenye picha. Yeye alipenda kung'oa. Aling'oa mche, akauosha kwenye karai, akautandaza mezani, kisha akakaa kuutazama mzizi kama mama anayemkagua mtoto aliyerudi kutoka shuleni na shati limechanika. Udongo mchachu, alipenda kusema, ni mchawi wa chini kwa chini. Unakata ncha za mizizi mpaka zinabaki butu, na mmea unakufa njaa.

Msimu huo alikuwa akijaribu aina kumi na mbili za maharagwe ndani ya banda la nailoni nyuma ya ofisi. Kila aina ilikuwa na makopo ya udongo mzuri na makopo ya udongo mchachu, uliochimbwa kwenye mteremko ambao wakulima walishauhama. Aina kumi na moja zilikuja na vyeti na sifa kedekede. Ya kumi na mbili ilitoka kwenye kibuyu jikoni kwa mama mkwe wake. Lilikuwa harage dogo, jeusi, lenye sura ya ugomvi, na mama mkwe aliliita Kaidi kwa sababu hata chunguni halikukubali kuiva upesi.

Mkuu wa kituo alimpokea Kaidi shingo upande.

"Hapa si jikoni," alisema. "Lakini haya. Msimu mmoja tu. Akiwashinda wenzake, namwachia aende mashambani kwa wakulima. Akishindwa, au akilingana nao, nisimwone tena humu."

"Utamwona, bosi," alijibu Bibi Mizizi, akaondoka kwa madaha.

Hakuwa anabahatisha. Alikuwa amemwona Kaidi akizaa kwenye kishamba cha mama mkwe, mahali ambapo hata magugu yalinuna. Majirani pale walikuwa wamefunga virago mmoja mmoja, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba harage hilo lingewarudisha. Na tuseme ukweli, alitaka pia kumwona mkuu akiyameza maneno yake.

Mama mkwe mwenyewe alikuwa amekuja kukaa kwa Bibi Mizizi ili atibiwe macho. Nyumbani mchana kutwa alibaki akizungumza na kuta, kwa hiyo mkwewe akawa anakuja naye kazini, anamwekea kiti mlangoni pa banda, penye kivuli, kisha anakwenda kwenye vikao vyake. Mama mkwe hakukawia kuzoea. Alipatana na mpishi wa chai, akajua nani hanywi na sukari na nani amegombana na nani, na macho yalipoanza kupata nafuu akawa anatembeatembea kati ya meza za miche, mikono nyuma, kama mkaguzi.

Ndipo ikafika asubuhi ya kupima. Bibi Mizizi aliingia bandani na rula yake, akasimama. Miche yote ilikuwa imenawiri. Kwenye udongo mzuri sawa, lakini hata kwenye ule mchachu majani yalikuwa ya kijani, yamejaa, kila aina inalingana na mwenzake.

Mtu mwingine angepiga makofi. Yeye alikasirika.

Kisa ni Deko. Deko lilikuwa harage la tangu zamani linalojulikana kwa udhaifu, lililowekwa kwenye jaribio kwa makusudi, na kazi yake pale ilikuwa moja tu, kufa. Deko akifa, unajua udongo wako ni mchachu kweli. Na huyo Deko sasa alikuwa amechanua, anaringa.

Alichukua kipima uchachu, akakichomeka kwenye kopo la Deko la udongo mchachu. Namba ikiwa ndogo, uchachu ni mkali. Alitegemea nne na kitu, akapata karibu saba. Kopo la jirani, vilevile. Akaenda mstari mzima, mpaka kwa Kaidi. Hapo namba ikaanguka. Udongo wa Kaidi ulikuwa mchachu kama siku ulipochimbwa. Akafukua kwa kidole kwenye kopo la Deko, akaona unga wa kijivu, akanusa. Majivu. Hakuna mtu wa udongo asiyejua kwamba majivu huua uchachu.

Na hakuna aliyeshinda bandani humo kila siku isipokuwa mtu mmoja. Sasa mama mkwe unamhoji vipi, jamani? Unaanzia wapi?

Hakupata nafasi ya kufikiri. Mkuu wa kituo alikuwa ameshaingia, anaangaza macho huku na huku.

"Naona wamelingana," alisema, wala hakuficha kwamba amefurahi. "Tulikubaliana. Mtoe."

"Bado, bosi. Njoo usikie kwanza."

Alitoka mlangoni. Mama mkwe alikuwa kitini anapuliza chai. Bibi Mizizi akachuchumaa mbele yake.

"Mama, samahani, naomba kukuuliza. Hawa watoto wa humu ndani, kuna mtu amewapa kitu?"

"Mimi, mwanangu." Mama mkwe alijibu bila kupepesa macho, tena kwa fahari. "Wale walionawiri sikuwagusa. Lakini wale wengine walikuwa wamekondeana! Wewe una vikao vyako, ningewaangalia tu wakifa? Mpishi wa chai ananigawia majivu ya jikoni, kikopo kimoja kila siku, nawanyunyizia."

Mkuu alishika kichwa. "Msimu mzima umekwenda na maji!"

Mama mkwe aliweka kikombe chini. Alimtazama mkuu, akamtazama mkwewe, na uso ukamshuka.

"Nimekuharibia kazi?"

"Ngoja kwanza, mama." Bibi Mizizi alimshika mkono. "Uliwapa wote? Na Kaidi?"

"Hapo sasa utanisamehe." Sauti ilikuwa ya chini. "Nilikuwa naanza na wale wa wenzako. Mimi mgeni hapa. Nitalishaje wa kwangu kwanza, watu wakaniona? Basi kila nikifika kwa kina Kaidi, kikopo kitupu. Nikawa nawaambia wavumilie."

Bibi Mizizi alicheka kwa sauti, machozi yakamtoka. Kibao alichokiandika yeye mwenyewe kilikuwa juu ya mlango, na mkuu naye alikuwa akikisoma: JARIBIO LA UVUMILIVU.

Akarudi ndani, akang'oa Kaidi mmoja wa udongo mchachu na mmoja wa udongo mzuri, akaiosha mizizi kwenye karai na kuilaza pamoja mezani. Ilikuwa mirefu, myeupe, ncha zimechongoka. Mkuu aliinama, akaigeuza, akashindwa kutambua upi ni upi.

"Na hawa wengine?" aliuliza.

"Wengine tunaanza upya, na kufuli mlangoni. Hawa hawana matokeo, bosi, wana mlezi. Lakini Kaidi anakwenda mashambani. Wenzake wamelelewa, yeye hakuonjeshwa kitu, na wamelingana. Kama huko si kuwashinda, niambie kushinda ni kupi."

Mkuu aliitazama tena ile mizizi. Kisha akaanza kucheka, taratibu, kama mtu anayelipa deni.

"Aende," alisema.

Mama mkwe alikuwa ameingia, anapapasa ukingo wa meza. Alikuwa bado na wasiwasi.

"Kwani wa kwangu wamefanya nini?"

"Wamevumilia, mama."

Mama mkwe akayageukia yale makopo ya mwisho. Kisha akatoa kikopo chake cha majivu mfukoni.

"Basi leo na wao wale."