Mlafi wa Mbwajumali

Tangu asubuhi Abdulghafur wa Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, au Amu kama wenyewe waiitavyo, alikuwa akimtembeza mgeni wa Kizungu katika magofu ya kisiwa cha Pate. Msikiti uliobomoka alisema ulijengwa na majini. Mikoko alisema hulia kila Ijumaa. Hakuwa na ajualo hata moja, lakini mgeni, aliyejifunza Kiswahili Unguja, aliandika kila neno daftarini, na alikwisha kuahidi kumsifu kwa Bwana Mkubwa wa serikali kule Lamu.

Karibu na Mbwajumali wakafika penye kaburi la mawe lililopachikwa sahani ya Kichina. Bibi mmoja, Bi Mwanamkisi, alikuwa akilifagia.

"Na huyu?" mgeni akauliza.

Abdulghafur akapanda ukingoni kama khatibu. "Huyu alikuwa mlafi wa nti nzima, Pate yote! Akausia azikwe na sahani yake, asije akafufuliwa akakosa chombo."

Mgeni akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Akaandika.

Bi Mwanamkisi akainua uso. "Kijana, wewe mwana wa nani?"

Hilo alilijibu kifua mbele, kama wajibuvyo watu wa Mkomani. "Abdulghafur bin Ridhwani bin Mselem, Bi!"

"Mselem aliyetoka hapa akahamia Amu?"

"Huyohuyo!"

"Basi huyo mlafi wako ndiye babake Mselem. Mwaka wa njaa alipika akalisha mji, mwenyewe akafa hajala. Sahani hiyo waliipachika waliolishwa." Akampangusia mahali pa kukaa. "Miaka yote twawangoja nyinyi wa Amu mje mumzuru. Karibu, mjukuu wangu."

Afadhali angemtukana. Abdulghafur akatazama chini, akaona viatu vyake viko juu ya kaburi. Akaruka, akavivua, masikio yakimwaka moto.

"Bwana, futa," akamwambia mgeni. "Huyu ni babu yake babangu. Nimesema uongo. Na msikiti, na mikoko, yote nimezua."

"Aa, sasa nzuri zaidi! Mjukuu anacheka babu yake!" Mgeni akaandika na hilo pia, akafunga daftari, akalitia mfukoni.

Bi Mwanamkisi hakuzijua hati za Kizungu. "Amefuta?"

'Ndiyo' ilikuwa tayari ulimini, nyepesi, haina gharama. Abdulghafur akaimeza.

"Hakufuta, Bi."

Bibi akauchukua tena ufagio wake.

"Haya. Soma Fatiha, kijana," akasema. Hakumwita mjukuu tena.