Kadi ya Mbuzi Aitwaye Sabuni

Siku Nicolas, muganga wa wanyama kutoka Baraka, alipofika kambi ya wakimbizi ya Lusenda na kutangaza kwamba sasa hata mbuzi wanaweza kuwa na mutuelle yao, watu walicheka mpaka yeye mwenyewe akaambukizwa. Mutuelle walikuwa wanaijua: unachanga kidogo kila mwezi ungali mzima, ili siku ya kuugua usianze kuzunguka nyumba za watu ukiomba. Lakini hayo ni mambo ya wanadamu, tena wanadamu wenye mshahara. Bwana mmoja aliyesimama nyuma akauliza kama mbuzi watapanga foleni pamoja na bamama wenye mimba, ama watafunguliwa mlango wao.

Renilde alitabasamu tu. Alikuwa amekaa mbele kabisa, binti yake Inamahoro, wa miaka minne, akimlalia mapajani, naye alisikiliza kwa namna aliyojifunza katika masomo ya jioni: kichwa upande, kalamu mkononi, akisubiri pale ambapo maneno hayatapatana. Nicolas alieleza kwamba kila mbuzi ni faranga elfu moja na mia tano kwa mwezi. Mbuzi akiugua, unapiga simu, anakuja, dawa haulipi. Mbuzi akifa, unarudishiwa nusu ya bei yake. Ila awe mzima mzima, hajapita kisu, Nicolas amwone kwa macho yake kabla mtu hajagusa ngozi.

Hapo ndipo kicheko kilipokatika. Mbuzi afe hivi hivi, nyama iharibike, eti tumngoje muganga? Watu wakaanza kuinuka na kukung'uta nguo zao. Nicolas akasema atarudi baada ya wiki mbili kuandika wanaotaka, akapanda pikipiki yake akaenda.

Renilde alibaki na lile neno la mutuelle kichwani kama punje ya mchanga kwenye jino.

Mbuzi alikuwa naye mmoja, wala hakuwa wake. Mwenyewe alikuwa Mama Adolphine, mwenyeji wa Nundu, mjane mwenye mashamba na ulimi mkali, aliyekuwa amegawa mbuzi kumi na mmoja kwa wanawake kumi na mmoja wa kambini. Warundi huita jambo hilo kuragiza, na Wabembe, wenyeji wa huku, nao wanalo kwa jina lao: mimi nina mbuzi, wewe una mikono ya kumlisha. Mtoto wa kwanza ni wangu, wa pili ni wako. Mbuzi akiugua, unaniita, na kisu hakitoki kabla sijafika. Akifa, unaniletea ngozi, nijue kwamba hukumuuza Baraka.

Mtoto wa kwanza alikuwa amekwisha kwenda Nundu. Wa pili alikuwa tumboni, miezi mitatu sasa. Tangu avuke mpaka kutoka Burundi na kitenge kimoja, Renilde hakuwa amepata kumiliki kitu chenye uhai. Huyo wa tumboni ndiye angekuwa wa kwanza. Inamahoro alikuwa amekwisha kumwandalia kamba. Mama mbuzi mwenyewe, mtoto huyo alimpa jina la Sabuni, kwa sababu ya weupe wake, na kila asubuhi alimsalimia kabla hajamsalimia mtu.

Basi, elfu moja na mia tano kwa mwezi, ni kitu ama si kitu? Mwalimu wa jioni alikuwa amewafundisha kwamba kabla ya kujibu hesabu ni lazima uijue vizuri. Renilde akachukua kaye yake, daftari la masomo ya jioni, akachora mistari, akaanza kupita nyumba kwa nyumba na mtoto mgongoni. Mwaka uliopita mlikuwa na mbuzi wangapi? Wamekufa wangapi?

Wengi walimjibu huku wanamtania. Walimwita muganga, wakamwita madame wa mutuelle, na Nibizi, jirani yake, mtu mzima aliyeaminiwa na mtaa mzima kwa kisu chake, akamuuliza kama naye ataandikwa, maana goti linamuuma. Lakini walijibu. Baada ya siku nne alikuwa na jumla: mbuzi ishirini na watatu, waliokufa tisa.

Tisa ni wengi. Kwa hesabu hiyo mutuelle ilikuwa na faida iliyo wazi, na angeweza kufunga kaye akalala. Kilichomzuia ni udadisi tu. Alitaka kujua ugonjwa gani unaua zaidi, akarudi kwa wale wale na swali dogo: alikufaje?

Nyumba ya kwanza wakamwambia mbuzi aliharisha, wakamkata. Ya pili, alikohoa siku mbili, wakamkata. Ya tatu, alikataa kula asubuhi, na mchana walikuwa wamekwisha kumgawana. Nibizi ndiye aliyekata karibu wote, naye aliwakumbuka mmoja mmoja, huyu alikuwa mnene, yule alikuwa na mafuta kama kondoo. Kati ya tisa, waliokutwa wamekufa walikuwa wawili. Saba walikuwa wamechinjwa wakiwa bado wanapumua.

"Lakini walikuwa wanakufa," Nibizi alisema.

"Ulijuaje, baba?"

"Mbuzi mugonjwa anajulikana."

"Kuna hata mmoja aliyengojwa, akapona?"

Nibizi akakuna goti lake. Alifikiri kweli, si kwa kumdharau. "Nani atangoja? Ukichelewa, unakosa nyama na mbuzi."

Renilde akarudi kwake, akakaa kwenye kigoda na kuitazama kaye. Alikuwa ameandika safu mbili, waliopona na waliokufa, na sasa hakujua wale saba awaweke wapi. Hawakuwa wamepona. Hawakuwa wamekufa kwa ugonjwa pia. Akachora safu ya tatu, akaandika juu yake: hatujui. Akawahamishia huko wote saba, na hesabu yake yote ikabomoka. Akajikuta anacheka peke yake, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba na kukuta nyuma yake kuna chumba kingine.

Jumatatu iliyofuata, siku tatu kabla ya Nicolas kurudi, alikuwa bado hajaamua. Asubuhi hiyo Inamahoro aliamka mapema, akachuma majani ya matembele yaliyolowa umande, akamlisha Sabuni mpaka aliposhiba, kisha akamwongeza kwa sababu ya mtoto wa tumboni. Renilde aliporudi kutoka bombani na ndoo kichwani, alimkuta mbuzi amesimama miguu imetanuka, ubavu wa kushoto umevimba kama mpira, anasaga meno. Ukimpigapiga pale, panalia kama ngoma.

Nibizi alifika kabla hajaitwa. Kisu alikuwa nacho, kimefungwa kwenye kitambaa. Akamtazama mbuzi, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akamwambia Renilde ampigie mwenye mbuzi, haraka, maana huyu hafiki mchana.

Renilde akapiga Nundu. Mama Adolphine hakuuliza maswali mengi. Alisema mtu asiguse kitu, yuko njiani. Kisha Renilde akampigia Nicolas. Nibizi akamnong'oneza aseme kwamba alikuwa amekwisha kuamua kumwandikisha mbuzi, pesa ziko tayari, mambo ni mambo. Lakini Renilde alimwambia Nicolas ukweli, kwamba hana kadi, na mbuzi amejaa upepo. Nicolas akasema asiye na kadi analipa elfu kumi, na kwamba alikuwa bado yuko Baraka, angefika baada ya saa mbili. Akamwagiza kwa sasa amnyweshe mafuta ya mawese, bilauri moja, taratibu kwa chupa, amsimamishe miguu ya mbele juu ya kitu, na amsugue ubavu bila kupumzika.

Alikuwa anasugua, mafuta mekundu yamemjaa mpaka viwikoni, Inamahoro amekaa karibu naye, wakati pikipiki iliposimama nje. Mama Adolphine aliteremka akiwa na beseni kubwa la plastiki, la bluu, limeoshwa. Alikuwa amekuja kuchukua nyama.

Akamzunguka mbuzi mara moja. "Huyu amekwisha," alisema. "Nibizi, noa."

"Mama," Renilde alisema, hakuacha kusugua. "Ninaomba tungoje."

"Tungoje nini?"

"Sijui. Ndiyo maana ninaomba."

Mama Adolphine akamtazama kana kwamba mbuzi ndiye aliyesema. Renilde akaeleza kwa haraka, maneno yakikanyagana: wale tisa, wale saba, ile safu ya tatu. Alisema kambi nzima hakuna anayejua kama mbuzi mwenye upepo hupona ama hufa, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwachia nafasi. Kisha akasema kile alichokuwa anakificha. Ukimkata sasa, wewe unapata nyama, Baba Nibizi anapata kichwa, na yule wa tumboni, aliye wangu, hagawanywi na mtu. Anatupwa.

Mama Adolphine alilitazama tumbo la mbuzi. Desturi ilikuwa imepanga mambo mengi, mtoto wa kwanza, wa pili, ngozi, lakini kuhusu wa tumboni haikuwahi kusema neno.

"Akifa bila kisu, mimi ninapata nini?" aliuliza.

"Nitakulimia shamba la muhogo msimu mzima. Bila malipo."

"Unaweka mgongo wako rehani kwa upepo wa tumbo la mbuzi."

"Ndiyo, mama."

Nibizi akaguna. Mama Adolphine akageuza beseni lake juu chini, akalikalia. "Mpaka jua likifika juu ya paa la shule," alisema. "Likipita hapo, Nibizi anafanya kazi yake, nawe utanyamaza."

Wakangoja. Si kazi rahisi kungoja mbele ya watu. Majirani walikuja kutazama, wakasimama, wakashauri, wakabishana kama matembele ndiyo sababu au ni jicho la mtu. Inamahoro aliposikia neno matembele akaanza kulia bila sauti, na Renilde akamvuta kwa mkono wake wa mafuta, akamwambia hakukosea, alimpenda mbuzi kwa kipimo kikubwa, basi. Akamwonyesha pa kusugua. Vidole vidogo na vidole vikubwa vikaenda pamoja, huku na huku, huku na huku. Renilde akagundua kwamba hata katikati ya hofu alikuwa bado anataka kujua. Ngozi imelegea kidogo, au ni mimi? Pumzi zake ni ngapi sasa? Akahesabu pumzi.

Jua lilikuwa limegusa ukingo wa paa wakati Sabuni aliponyoosha shingo, akafungua mdomo, na kutoa mbeuo mrefu, mzito, wenye harufu ya majani yaliyochacha, hata Mama Adolphine akaziba pua. Ukafuata mwingine. Kisha sauti ya upande wa pili, ambayo iliwafanya watoto wote wa mtaa waanguke kwa kicheko. Nicolas alipofika na sanduku lake, ubavu ulikuwa umeshuka nusu. Alimpitishia mpira mwembamba kooni, upepo uliobaki ukatoka ukipiga filimbi, akamshika tumbo kwa chini, akatulia, akasema yule wa ndani anapiga teke.

Elfu kumi zilitoka kwenye kopo la chumvi, na kopo likabaki karibu tupu. Renilde hakuzisikitikia. Alimuuliza Nicolas kama sasa anaweza kumwandika Sabuni, naye akasema hapana, mgonjwa haandikwi, ni lazima zipite siku kumi na nne za uzima. Tena akamwambia wazi kwamba mtoto akizaliwa hatakuwa ndani ya kadi ya mama yake mpaka aachishwe kunyonya, na kwamba mutuelle ikirudisha pesa, inarudisha kwa mwenye mbuzi. Usije ukasema sikukuambia.

"Sasa wewe unalipia nini?" Mama Adolphine aliuliza. Hakuwa anamchokoza. Alitaka kujua.

Renilde alifikiri. Alimtazama Nibizi, aliyekuwa anakifunga tena kisu chake kwenye kitambaa, kwa upole, bila kinyongo.

"Ninalipia ruhusa ya kungoja, mama. Leo nimeipata kwa kukubembeleza. Siku nyingine utakuwa Kazimia, simu haitaingia, na mimi nitamsikiliza Baba Nibizi. Nikiwa na kadi, kumkata ndiko kutakuwa hasara, maana ile nusu ya bei itapotea. Hata yeye ataniambia niache."

"Nitakuambia hivyo?" Nibizi akauliza.

"Ukiiweka nyama kwenye hesabu hiyo, utaniambia."

Nibizi akakubali kwamba labda.

Mama Adolphine akasimama, akaokota beseni lake. Alisema mbuzi ni wake na tumbo ni la Renilde, kwa hiyo kila mwezi yeye atalipa mia saba na hamsini na Renilde mia saba na hamsini, na asisikie mtu anasema Mama Adolphine amegeuka muganga. Kisha, mguu mmoja tayari juu ya pikipiki, akageuka.

"Ile kaye yako. Nyumbani nina ngozi sita ambazo bamama wameniletea. Sikuuliza hata mbuzi mmoja alikufaje."

"Ninaweza kuwauliza, mama."

"Waulize. Uniletee." Akahamisha beseni mkono wa pili. "Unaweza kunisomea? Macho yangu hayaoni vizuri herufi."

Renilde alijua kwamba macho yake yalikuwa mazima, yaliona mbuzi aliyekonda kutoka barabarani. Akajibu kwamba atamsomea, na kama atapenda, atamwonyesha na herufi zenyewe.

Pikipiki ikaondoka kuelekea Nundu, beseni la bluu tupu mapajani mwa mwenyewe. Renilde akanawa mafuta, akaketi, akafungua kaye. Inamahoro akamwegemea kutazama. Ile safu ya kwanza, ya waliopona, ilikuwa nyeupe toka juu mpaka chini. Akaandika ndani yake jina moja, polepole, ili mtoto aone jinsi kila herufi inavyokaa: Sabuni.